Asali ya Mikokoni

Ukishuka feri upande wa Likoni, kabla hujamaliza kile kilima cha kutokea gatini hadi stendi ya matatu, utakuwa umeshauziwa viazi karai, mabuyu, chaja ya simu na asali. Asali ya pale hutiwa kwenye chupa zilizowahi kuwa za soda au za maji. Haina karatasi ya jina wala tarehe, na muuzaji hakosi kiberiti mfukoni. Ukisita kidogo tu, anachovya njiti ndani ya chupa, anaikwaruza, na ikishika moto anakuuliza wataka ushahidi gani tena.

"Asali ya shira haiwaki hivi, bosi."

Siku niliyoambiwa hivyo sikununua. Nyumbani Kisauni tulikuwa na chupa iliyotoka papo hapo gatini, nayo ilitutia aibu mbele ya wageni: ilifura kabatini, ikatoa povu, kifuniko kikaruka, na sebule nzima ikanuka tembo. Mama alikata shauri kwamba tumeuziwa shira. Majirani wakaongeza visa vyao, kila mmoja na jamaa yake aliyewahi kuuziwa sukari guru iliyochemshwa. Mimi sikuridhika. Shira iliyopikwa ikawa nzito hukaa muda mrefu bila kuchacha; kinachochacha ni kitu chenye maji kupita kiasi, na hilo laweza kuifika hata asali ya halali. Ndipo nikaomba kuelekezwa kwa mzee mmoja wa Mtongwe ambaye, niliambiwa, ana mizinga mikokoni na hana haraka na mtu.

Kutoka Kisauni hadi Likoni ni kuvuka maji mara mbili, kwa daraja la Nyali na kwa feri, na katikati ni kukikata kisiwa cha Mombasa. Feri ndiyo iliyokula muda. Mlango wa Kilindini pale una upana wa kama nusu kilomita tu, lakini meli ya makontena ikiingia, feri husubiri, na watu na magari husubiri pamoja nazo. Waendao kwa miguu hawalipi, kwa hivyo labda hatuna haki ya kulalamika, ingawa twalalamika. Likoni nikapanda tuktuk ya Mtongwe: nyumba za mabati, minazi, miembe, na kila penye uwazi upande wa kulia, kreni za bandari zikionekana ng'ambo ya maji.

Mzee nilimkuta barazani kwake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Wewe ndiwe mtu wa asali iliyochacha?"

Habari zangu zilikuwa zimenitangulia. Alikuwa mtu wa kikoi na kofia ya kito, mfanyakazi wa bandari wa miaka mingi kabla ya kustaafu, na swali lake lililofuata lilinishangaza zaidi.

"Leo umekula ndizi?"

Nikasema sijala.

"Uzuri. Nyuki akidunga huacha harufu ya kuwaita wenzake, na harufu yenyewe ni ya ndizi mbivu. Sitaki uwaite kabla hatujafika."

Hakuwa akinitania. Kemikali kuu katika harufu hiyo ya hatari, aisoamili asetati, ndiyo hiyohiyo inayoipa ndizi mbivu sehemu kubwa ya harufu yake.

Hatukuondoka mara moja, tulingoja maji. Mfugaji wa bara huangalia jua, lakini wa mikokoni huanza na mwezi. Nyuki wetu ni wakali mchana, kwa hivyo mizinga hufunguliwa magharibi au usiku. Sasa, siku za bamvua bahari huku hujaa alasiri, na magharibi njia ya kwenda kwenye mizinga bado ina maji ya magotini. Ni siku za maji mafu ambapo maji hupwa jioni. Ina maana kwamba katika mwezi mzima zipo siku chache tu ambazo giza na njia kavu hukutana, na mtu akikupigia simu kuwa anataka lita tano kesho, kesho yenyewe haiko mikononi mwako.

Mikoko ya Mtongwe si ya kupigia picha za kalenda. Ukingoni kuna mifuko ya plastiki iliyoletwa na maji, visiki vya zamani na vipya, na vishimo vya watu waliokuja kuchimba chambo. Ukiingia ndani mambo hubadilika. Penye tope laini umesimama mkoko wenyewe juu ya mizizi yake. Nyuma yake mkandaa. Na karibu na nchi kavu, mchu. Mzee aliupiga mchu mmoja kofi la mapenzi. Vuli ilikuwa imekatika na mti ulikuwa umechanua, maua madogo ya manjano yasiyo na urembo wa kumsimamisha mpita njia, lakini nyuki walikuwa wamejaa juu yake. Majani yake hutoa chumvi. Nililamba moja nikaamini. Mlilana, unaomea mbele kabisa kuelekea baharini, haumfai mfugaji sana, kwa kuwa maua yake hufunguka usiku na wateja wake wakubwa ni popo na nondo.

Kwa karne nyingi miti hii ilikatwa ikawa boriti, ikapakiwa majahazini kupelekwa Arabuni, mpaka Kenya ilipopiga marufuku kuuza boriti nje ya nchi mwaka 1982. Wakataji wa kuni na makaa wapo hadi leo. Mzee hana imani kubwa na doria. "Askari wa msitu aja siku moja akaondoka," alisema. "Nyuki yupo kazini kila siku." Mizinga yake ameitundika kwa waya kati ya michu, waya zimepakwa grisi kuwazuia siafu, na mkata miti akisikia mvumo hugeuza njia. Nilimsimulia habari za Sundarbans, ile mikoko mikubwa ya Bangladesh na India, ambako warina asali huingia msituni wakijua kuna chui milia anayekula watu. Alifikiri kidogo. "Sisi shida yetu ni siafu na wezi," akasema.

Mizinga yenyewe ni ile ya pau, sanduku refu lenye mbavu za kuinama na vipande vya mbao vilivyopangwa juu, kila sega likining'inia kwenye pau yake. Mzinga huu ni wa Kenya kwa jina na kwa asili; ulisanifiwa miaka ya 1970 katika mradi wa serikali yetu na Kanada, na leo unatumika katika nchi nyingi. Nimewahi kuona pia mizinga ya Langstroth, ile ya fremu iliyobuniwa Marekani katikati ya karne ya 19, ikigawiwa vikundi kwa hafla na hotuba, kisha ikakaa tupu chini ya mwembe kwa sababu hakuna aliyefundishwa kuitumia. Mzinga bora ni ule ambao mwenyewe anaweza kuutengeneza ukivunjika. Hayo ni maoni yangu, na mzee hakuyapinga.

Tuliketi juu ya gogo, mbali kiasi, tukautazama mlango wa mzinga jua likishuka. Nyuki wa Pwani ni mdogo kuliko wa nyanda za juu na ana manjano zaidi. Wataalamu humwita Apis mellifera litorea, jina alilopewa mwaka 1961 na F. G. Smith, aliyekuwa mtaalamu wa nyuki Tanganyika. Waliorudi walikuwa wa namna mbili. Wengine walibeba chavua miguuni, mafurushi ya manjano ya kuonekana hata na macho mabovu. Wengine hawakuonyesha kitu, ila waliruka chini chini na kutua kwa kishindo.

"Hao ndio waliobeba," mzee alininong'oneza. "Watu husema nyuki akusanya asali. Asali haiko mauani, mwanangu. Mauani kuna maji matamu. Nyuki ni dobi tu. Kazi yake ni kukausha."

Maji hayo matamu, nekta, mara nyingi ni maji zaidi ya nusu. Nyuki huyanyonya kwa ulimi wake na kuyatia kwenye kifuko kilicho mbele ya tumbo lake la chakula, na kati ya viwili hivyo pana kilango anachokifungua mwenyewe akitaka kula. Mzigo mmoja ni kama miligramu 40, karibu nusu ya uzito wake. Humo kifukoni kimeng'enya huanza kuivunja sukari ya maua kuwa sukari mbili nyepesi, glukosi na fruktosi. Akifika mlangoni haendi kuhifadhi. Humkabidhi mzigo, mdomo kwa mdomo, nyuki mdogo wa umri ambaye bado ni wa kazi za ndani, kisha yeye mletaji hugeuka kurudi mauani.

Yule wa ndani ndiye mwenye kazi ambayo sisi hatuioni. Hutafuta mahali pake segani, akautoa ule ute hadi ncha ya ulimi, akautandaza uwe utando mwembamba ili hewa iupige, akaumeza tena, akautoa tena. Hufanya hivyo kwa kama dakika 20. Kisha huupaka kwenye kuta za vijumba vya nta, tone hapa tone pale, wala hakijazi kijumba mara moja, kwa sababu kilichotandazwa hukauka upesi kuliko kilichojaa. Wengine husimama kwa safu wakipiga mabawa kusukuma hewa yenye unyevu itoke. Kimeng'enya cha pili nacho hutengeneza asidi na kemikali ya kuua vijidudu, ndiyo maana asali ikishaiva haiozi. Maji yakishuka chini ya asilimia 20 hivi, kijumba hufunikwa kwa nta, na kazi ya kijumba hicho imekwisha.

Nilitoa simu nikapiga hesabu. Tuchukue nekta yenye sukari asilimia 30. Kilo moja ya asali yahitaji kilo 2.7 za nekta, na ndani yake kilo 1.7 za maji lazima zipeperushwe. Kwa mizigo ya miligramu 40, hizo ni safari zaidi ya 67,000 za kwenda mauani na kurudi. Nyuki mmoja, kwa maisha yake ya wiki chache, huacha nyuma sehemu tu ya kijiko cha chai.

Hapo ndipo Likoni inapoingia kwa namna yake. Asali huvuta maji kutoka hewani. Iliyoiva vizuri, yenye maji asilimia 18, hutulia ikiwa hewa ina unyevu wa takriban asilimia 60. Hewa ikizidi hapo, asali iliyo wazi huanza kunywa. Mombasa hewa iliyo chini ya kiwango hicho ni ya nadra, na mikokoni ndiko unyevu ulikojichimbia. Basi nyuki wa huku hukausha akiwa ndani ya mvuke. Lile ambalo mwenzake wa Kitui, kwenye hewa kavu, hulimaliza upesi, yeye hulifanyia kazi usiku na mchana.

Giza lilipoingia, mzee aliwasha bomba la moshi. Ndani alitia makumbi ya nazi, ambayo huwaka polepole na kutoa moshi mwingi usio mkali. Moshi huifunika ile harufu ya hatari, na nyuki wakiusikia hukimbilia kujaza vifuko vyao asali kama watakaohama. Aliyeshiba hana hamu ya kudunga. Tulivaa ovaroli nyeupe, wavu usoni, gambuti. Kabla ya kufungua aliuchukua mkono wangu akauweka mbele ya mlango wa mzinga. Upepo ulikuwa ukitoka, wa moto, umelowa, na ndani kulikuwa na mvumo mmoja usiopanda wala kushuka.

"Wasikia? Wafanya kazi hao. Yaani bado haijakauka."

Akasema Bismillah, akainua kifuniko. Sura ya 16 ya Kurani ina jina la nyuki, na mzee huiheshimu kazi hii kwa sababu hiyo kwanza, pesa baadaye. Aliinua pau ya kwanza upande wa nyuma. Sega lilikuwa zuri, jipya, limejaa, na mimi nilishajiona nikirudi Kisauni na ndoo. Alilishika mlalo kidogo, akalitikisa mara moja. Matone yakaruka hadi kwenye gambuti zangu.

"Mbichi," akasema, akairudisha.

Ya pili vilevile. Sega la tatu juu lilikuwa limefunikwa kwa nta nyeupe, chini wazi, nalo akalirudisha. Kanuni yake ni kwamba robo tatu ya sega iwe imefunikwa, chini ya hapo haikati. Mzinga huo tuliufunga bila kuchukua kitu. Nilidungwa kwenye kifundo cha mkono nikiwa nimebeba ndoo tupu, akaukwangua mwiba kwa ukucha wa kidole gumba, akaniambia nisipige kelele.

Mzinga wa pili, ulio kwenye mchu mkubwa zaidi, ulikuwa na masega machache yaliyofunikwa toka juu hadi chini. Alikata hayo tu. Yenye majana hakuyagusa, na asali nyingine aliwaachia wenyewe, kwa kuwa nyuki wa huku ni mwepesi wa kuhama. Ukimpora chote, utarudi ukute mzinga umejaa nondo wa nta.

Nyumbani kwa mzee kazi ilichukuliwa na mkewe, na sheria zake zilikuwa kali kuliko za mumewe. Mikono ikaushwe. Madirisha yafungwe. Masega yakandwe na kuchujwa kwa kitambaa usiku uleule, na ndoo isilale wazi hata saa moja. Hachemshi asali, maana moto huua vimeng'enya na harufu. Ana kifaa kidogo cha kutazamia kwa jicho moja, unapaka tone kwenye kioo chake na mstari unakuonyesha kiasi cha maji. Yetu ilisoma 19. Kiwango cha kimataifa cha Codex huruhusu hadi 20, kwa hivyo tulipita, kwa tabu. Kwenye kila chupa hubandika karatasi yenye tarehe na onyo kwamba mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asilambishwe, kwa sababu asali, hata iliyo safi kabisa, yaweza kuwa na mbegu za bakteria wa botulizimu ambazo tumbo changa haliziwezi.

Nilipomweleza kisa cha chupa yetu, aliinuka akaleta chupa ya jirani aliyekuja kuomba ushauri. Ilikuwa na povu jembamba shingoni. Akapima: 23.

"Yenu ilikuwa hivi. Ni asali, mwanangu. Ilirinwa mtoto."

Chachu imo ndani ya kila asali, imelala, kwa sababu sukari ni nyingi na maji ni kidogo mno kwake. Maji yakizidi huamka na kufanya kazi inayoifanya kwenye tembo. Ama kuhusu njiti ya kiberiti, mama huyo alinicheka. Alichemsha sukari na maji hadi shira ikawa nzito, akaiacha ipoe, akachovya njiti, akaikwaruza. Ikawaka. Jaribio la kudondosha tone kwenye glasi ya maji ni vivyo hivyo: hupima uzito wa kitu, na shira nzito hufaulu huku asali mbichi ya mikokoni ikianguka mtihani. Alinikumbusha pia wale jamaa wa Nairobi wanaopigiwa simu kulalamika kuwa asali ya Mombasa "imegeuka sukari." Glukosi huganda kwenye baridi, ingebaki Likoni labda isingeganda. Ukiiweka chupa ndani ya maji ya uvuguvugu hurudi ilivyokuwa.

Nikauliza kwa nini basi watu wanarina mbichi, ikiwa kila mfugaji anajua. Hapo mzee hakuwa na jibu la haraka. Karo, alisema. Ramadhani, ambapo kila mtu anataka asali mezani na bei hupanda kwa mwezi mmoja tu. Kisha wezi: waja usiku, wakata kila kitu, majana na yote, wawachoma nyuki kwa kienge. Mwenye mizinga akiacha asali ikomae wiki mbili zaidi, anacheza bahati nasibu. Wengi wanaona heri kuchukua mbichi yao kuliko kuwaachia wezi mbivu. Mimi nilikuja na hasira juu ya muuzaji wa gatini, lakini sasa nadhani kosa lilifanyika mapema zaidi, usiku fulani mikokoni, na aliyelifanya alikuwa na sababu.

Kwa hivyo si haki kumwita kila muuzaji wa Likoni tapeli, na si busara kumwamini kwa sababu tu ana moto mkononi. Ukinunua asali Pwani, muulize ilirinwa lini, na kama masega yalikuwa yamefunikwa. Aliyerina mwenyewe atakujibu papo hapo. Asiyejua, ameinunua kwa mtu mwingine naye abahatisha. Chupa yenye kifuniko kilichofura iache. Chukua ndogo utakayoimaliza, ifunge barabara, usiingize kijiko chenye maji. Na ukimpata mfugaji anayekwambia urudi baada ya wiki mbili kwa sababu bado haijakauka, rudi, na umlipe bei anayoitaja bila kushindana naye.